Kabla hujapaka limau usoni

Harusi ya binamu yangu ilikuwa Jumapili. Ijumaa yake nilisimama mbele ya kioo nikahesabu chunusi 12 kwenye shavu la kushoto peke yake. Nilikuwa na miaka 26, umri ambao nilidhani chunusi zingekuwa zimeshaniaga tangu sekondari. Jirani akanishauri nikate limau, nisugue uso, niache likauke lenyewe. Nikasugua. Kisha nikatoka kwenda Soko la Mgandini kununua vitu vya shughuli, jua la Tanga la saa saba mchana likinipiga usoni, maji ya limau yakiwa bado yananata.

Jioni shavu lilikuwa linawasha. Siku ya harusi yenyewe niliamka na malengelenge madogo madogo na michirizi iliyoshuka mpaka shingoni, palepale maji ya limau yalipotiririka. Zile chunusi zilinywea baada ya wiki mbili. Michirizi ilikaa miezi 14.

Tangu siku hiyo nimewaeleza wadogo zangu, mashoga zangu na mabinti wa mtaani jambo moja, na leo naliandika. Ngozi yetu nyeusi haisahau upesi. Kila inapoungua, kuchubuka au kuvimba, seli zake humwaga rangi nyingi kuliko kawaida, na rangi hiyo hubaki kama doa muda mrefu baada ya kidonda kupona. Wengi tunaodhani tunapigana na chunusi kumbe tunapigana na madoa, na mengi ya madoa hayo tumeyatengeneza wenyewe kwa dawa tulizopaka. Kwa hiyo dawa yoyote ya jikoni naipima kwa swali moja: inauchokoza uso au inautuliza?

Limau linauchokoza. Ngozi ina uchachu kidogo: pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikipungua uchachu unazidi, ni kama 5, lakini maji ya limau ni karibu 2. Tena limau na ndimu vina kemikali ambazo jua likizipiga zikiwa juu ya ngozi huiunguza, na muunguzo huo hujitokeza baada ya siku moja au mbili. Ndiyo maana watu hawaunganishi limau la Ijumaa na malengelenge ya Jumapili. Magadi ya kuumulia maandazi nayo yana kosa la upande wa pili: yanaondoa ule uchachu unaoilinda ngozi. Dawa ya meno hukausha chunusi, ni kweli, na huacha duara jeusi pembeni yake. Vyote vitatu nimeshavijaribu, na vyote nimeviacha.

Kilichonisaidia kwanza hakikuwa cha kupaka bali cha kuacha. Bibi yangu alinikuta bafuni nikisugua uso kwa dodoki na sabuni ya mche, akaninyang'anya dodoki. "Uso si sufuria, mjukuu wangu. Unasugua masizi gani?" Sabuni ya mche ni ya kufulia, kali kwa uso, na dodoki likikaa bafuni na unyevunyevu hufuga vijidudu. Nikahamia sabuni laini isiyo na manukato, kwa vidole tu, asubuhi na jioni. Nikaacha kupaka mafuta ya nazi usoni. Najua nikisema hivi kwetu Tanga nitaonekana nimeasi, maana tumelelewa kwayo, na kwa miguu iliyokauka au mikono sina mafuta mengine ninayoyapenda zaidi. Lakini kwa uso wenye chunusi huziba vinyweleo, na kinyweleo kilichoziba ndipo chunusi inapoanzia: mafuta ya ngozi hukwama ndani, bakteria huongezeka, pakavimba.

Halafu kuna mafuta ya nywele, na hapa naomba dada zangu mnisikilize vizuri. Ukiwa na vipele vidogovidogo vimejipanga kwenye paji la uso na pembeni karibu na masikio, angalia kwanza unachopaka kichwani. Ukisuka, ukijaza mafuta ya mgando kwenye mistari, kisha ukalala, joto huyayeyusha yakashuka usoni na kwenye foronya. Mimi nilipunguza mafuta ya nywele, nikaanza kufunga kitambaa cha pamba usiku na kubadili foronya mara mbili kwa wiki. Paji la uso lilisafika ndani ya miezi miwili bila dawa yoyote.

Sasa tuje kwenye dawa zenyewe. Nianze na liwa, kwa kuwa ndiyo iliyonirudishia imani na vitu vya nyumbani. Bibi alikuwa na kipande cha msandali na jiwe lake. Anadondoshea maji ya waridi, anasugua kipande polepole mpaka utokee ujiuji wenye rangi ya maziwa na harufu ya kutuliza roho. Kwa bibi harusi liwa huingia kwenye singo, mchanganyiko wa kusugulia mwili, pamoja na maua na mengineyo, mwari akasingwa mwili mzima. Kwa uso wangu bibi alitumia liwa na maji ya waridi tu. Haikuponya chunusi, siwezi kudanganya. Ilipoza mwasho na joto, mikono yangu ikaacha kushika uso, na kutoshika ni nusu ya tiba. Ioshe kabla haijakauka ikapasuka, maana ikikauka sana huvuta ngozi. Na kama unanunua ya unga, nusa: ukikutana na harufu kali ya manukato ya dukani, iache, manukato yale yanaweza kukuletea vipele vipya.

Asali nayo ni rafiki. Ina sukari nyingi na maji machache, ina uchachu wa kiasi, hivyo bakteria hawastawi ndani yake. Ninapaka nyembamba juu ya chunusi iliyoiva au niliyoitumbua kwa bahati mbaya, dakika 20, kisha naosha kwa maji ya vuguvugu. Tafuta asali unayoijua ilikotoka, kwani asali ya kughushi, iliyotengenezwa kwa kuchemsha sukari, ni sukari tu.

Shubiri hukata mwasho vizuri, lakini wengi huikosea. Ukikata jani, lisimamishe kwanza ule utomvu wa njano uchuruzike wote. Utomvu huo ndio unaowasha. Kisha menya, tumia ute mweupe wa ndani peke yake. Mwarobaini niliutumia mgongoni: majani ya kiganja kimoja nimeyachemsha, yakapoa kabisa, nikakanda kwa kitambaa safi. Mgongo ulipungua kuwasha. Usoni ulinikausha nikauacha. Manjano husifiwa sana. Kwangu yaliacha uso wa njano siku mbili na sikuona zaidi ya hapo. Ukitaka kuyajaribu, angalau usiyachanganye na limau kama wanavyofundishana.

Chochote utakachochagua, kipake kwanza nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, usubiri siku mbili. Kitu kutoka shambani nacho kinaweza kukudhuru. Na jaribu kimoja kimoja. Ukipaka asali Jumatatu, shubiri Jumanne na manjano Jumatano, hutajua kamwe kipi kilikusaidia na kipi kilikuchoma.

Ninalotaka kulisema bila kuzunguka ni mkorogo, yaani krimu za kujichubua. Baada ya yale madoa ya limau, muuza vipodozi mmoja alinipa kikopo kisicho na maandishi, akasema ni cha mitishamba, kinaondoa doa kwa wiki. Kweli, wiki ya kwanza uso uling'aa. Mwezi wa pili nilipokiacha ulilipuka vipele vyekundu kuliko mwanzo, ngozi nyembamba, inauma hata maji yakiigusa. Daktari wa ngozi aliniambia hiyo ni tabia ya krimu zenye steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe. Mikorogo mingine ina haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, mingine zebaki, na zebaki hupenya ngozi ikaenda kuharibu figo. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini vikopo bado vinapita chini kwa chini, na neno "mitishamba" limekuwa koti lao. Ukiambiwa ni asili, uliza mti gani. Asiyeweza kuutaja, usimpe hela yako.

Pia uwe na hakika kwamba ulichonacho ni chunusi. Choa kina duara lenye ukingo uliovimba na katikati pamepoa; kinataka dawa ya fangasi, na ukikipaka steroidi hutambaa kikikuficha sura yake. Upele unaowasha usiku, katikati ya vidole na kiunoni, ni wadudu, na nyumba nzima inatibiwa siku moja pamoja na kufua mashuka. Ukijitibu peke yako, utaambukizwa upya na mwenzio wa kitandani. Pumu ya ngozi haitaki kukaushwa hata kidogo. Wanaume wenye vipele vya ndevu mara nyingi wana nywele zilizojikunja zikarudi ndani, na nafuu yao ya kwanza ni kuacha kunyoa mpaka chini kabisa.

Kama chunusi ni kubwa, ngumu, zinauma chini ya ngozi na zinaacha mashimo, usikae miezi na asali. Nenda hospitali. Mimi mwenyewe hatimaye nilitumia jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 kutoka famasi, usiku, tone dogo kama punje ya njegere kwa uso mzima. Inapausha mataulo na foronya, lakini ilifanya ambacho jiko langu halikuweza. Sioni aibu kuvitumia vyote viwili. Na mjamzito asipake wala kumeza dawa ya chunusi kabla ya kuuliza, maana zipo zinazomdhuru mtoto tumboni, na mwarobaini wa kunywa pia akae nao mbali.

Kwa madoa, subira na kivuli. Jua hulikoleza doa kila siku, kwa hiyo kofia pana, mtandio, au losheni ya kukinga jua ni dawa ya madoa kuliko chochote nilichowahi kusaga. Kule Moshi hutengenezwa losheni ya jua ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na wao ndio wanaoihitaji kuliko sisi sote, lakini jua halimsamehi hata mwenye weusi wa mkaa anayetaka doa lake lififie. Ipe tiba yoyote wiki 8 kabla ya kuihukumu. Piga picha siku ya kwanza, dirisha lilelile, saa ileile, kwa sababu kioo cha kila asubuhi kitakuambia hakuna kilichobadilika. Kwangu kilisema hivyo miezi 13 mfululizo, mpaka nilipoziweka picha mbili pamoja nikaona mchirizi wa shingoni haupo tena.