Ushuru wa mazao na manunuzi ya halmashauri: niliyoyaona getini na dukani

Wakuu, mleta uzi ameuliza swali zuri. Kila Juni wabunge wanakesha Dodoma juu ya ushuru wa halmashauri, wanapunguza hiki, wanafuta kile, na mwaka 2023 wakapitisha hata sheria mpya ya manunuzi. Mbona mfanyabiashara mdogo huku wilayani haoni nafuu? Na yeye binafsi aanze na mazao, au afungue duka la vifaa vya ujenzi auzie shule na zahanati?

Nimefanya vyote viwili. Mahindi nimeyasomba kutoka Nyanda za Juu Kusini hadi masoko ya Tandale na Manzese, Dar es Salaam, kuanzia 2014 mpaka 2019, mgongo ulipogoma nikafungua duka la saruji na mabati. Halmashauri siitaji jina, bado naishi humo na leseni yangu wanaihuisha wao.

Ushuru wa mazao ndio ulionifundisha kusoma sheria, mimi niliyekuwa sisomi hata maelekezo ya dawa. Unatokana na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Anayetakiwa kulipa ni mnunuzi, si mkulima, na unahesabiwa kwa bei ya shambani. Zamani ulifika asilimia 5. Mwaka 2017 Bunge likaushusha: mazao ya biashara asilimia 3, mazao ya chakula asilimia 2, na mzigo usiozidi tani moja ukivuka halmashauri moja kwenda nyingine usitozwe kitu. Hotuba ya bajeti tuliisikiliza redioni ndani ya Fuso, na waziri alipofika kwenye mazao ya chakula dereva wangu alipiga honi kama yuko harusini.

Julai hiyohiyo nikafika getini, pale halmashauri inapotoza ushuru barabarani, na gunia 90. Mwaka ule serikali ilikuwa imezuia mahindi kuuzwa nje ya nchi na bei ilikuwa imeanguka vibaya. Mzigo ule niliununua 28,000 kwa gunia. Asilimia 2 yake ni 560. Dada wa geti akanitajia 1,000.

Nikamwambia, "Dada yangu, Bunge si limepunguza?"

Akajibu bila kuinua macho kwenye POS, ile mashine ya risiti: "Baba, wamepunguza asilimia. Mimi hapa nimepewa bei."

Nikakasirika, lakini alikuwa ameniambia ukweli mtupu. Halmashauri haimuulizi kila mtu alinunua kwa shilingi ngapi. Ina jedwali lake, na kwenye jedwali gunia la mahindi lilikuwa limeandikwa 50,000. Asilimia 2 ya 50,000 ni 1,000. Kwa gunia 90 nikalipa 90,000 badala ya 50,400. Tofauti hiyo ya 39,600 ndiyo iliyokuwa chakula cha dereva na utingo safari nzima.

Msimu uliotangulia, kabla ya punguzo, nilikuwa nalipa 2,000 kwa gunia, na gunia nalinunua 60,000. Piga hesabu: 2,000 kwa 60,000 ni kama asilimia 3.3, na 1,000 kwa 28,000 ni asilimia 3.6 hivi. Yaani baada ya Bunge kupunguza, kipande nilichomegewa kwenye bei yangu kiliongezeka! Mbunge wangu alikuja kwenye mkutano akasema ametupigania, na hakusema uongo. Asilimia ilishuka kweli. Ila hakuna aliyemuuliza kuhusu lile jedwali, mimi nikiwemo, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa sijajua kama lipo.

Nikiri na dhambi yangu nikiwa hapa. Gunia zangu nyingi zilikuwa lumbesa, yaani zimejazwa kupita kipimo. Siku moja niliposumbuka kubisha, afisa mmoja mtu mzima aliizunguka gari polepole, akapapasa zile shingo za gunia zilizoshonewa juu kama kofia, akasema, "Mzee, tuache jedwali, tupime kwa kilo?" Nikatoa hela. Kwenye biashara hii tunapenda sana sheria mpaka ifike upande wetu.

Ule msamaha wa tani moja nao ulikuja na vituko vyake. Ghafla barabara ikajaa kirikuu na Noah zenye gunia nane nane, mzigo wa mtu mmoja umegawanywa kwa "wakulima" watano. Geti nalo likajibu kwa kuhesabu gunia bila kutazama uzito. Aliyeumia ni mkulima wa kweli anayepeleka gunia saba kwa mwanawe mjini, maana yeye hana mdomo wa kubishana na hana namba ya mtu wa kumpigia.

Sasa kwa nini halmashauri ing'ang'anie bei ya juu namna ile? Kwa muda mrefu niliamini ni roho mbaya. Diwani wetu ndiye aliyenifungua macho, tukiwa msibani, pale watu wanaposubiri jeneza na hawana la kufanya. Akanipangia miaka kwa vidole. 2016 kodi ya majengo ikachukuliwa na TRA, mamlaka ya mapato. 2017 ada ya mabango nayo ikaenda TRA, na mwaka uleule ushuru wa mazao ukakatwa. 2018 sheria ikawabana kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, kwa mgao wa 4, 4 na 2. Desemba 2018 vikaja vile vitambulisho vya wajasiriamali vya 20,000, na mwenye nacho akawa hadaiwi tena ushuru wa kila siku sokoni. "Wametunyang'anya ng'ombe," akasema, "halafu wanauliza maziwa ya mkutano wa baraza yako wapi." Geti la mazao likabaki ndilo titi pekee linalotoa kitu.

(Kodi ya majengo, kwa wasiokumbuka, tangu Agosti 2021 tunakatwa kwenye LUKU: ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapanda kuwa 1,500. Mpangaji analipa kodi ya nyumba ya mwenzake kila anaponunua umeme. Huo ni uzi mwingine, tusiuharibu huu.)

Kwa hiyo mleta uzi, ukisikia "Bunge limepunguza", usipige honi kwanza. Sheria ya Dodoma inaweka asilimia. Kiasi utakachotoa mfukoni kinakaa kwenye sheria ndogo ya halmashauri, ile inayopitishwa na madiwani, ikaenda kwa waziri, ikatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kabla haijapita wanatakiwa kuwatangazia wananchi ili mwenye pingamizi alete. Tangazo lenyewe linabandikwa ubao wa ofisi ya kata, chini ya ratiba ya chanjo na picha ya mtu aliyepotea. Mwaka 2019 tulilisoma, wafanyabiashara kumi na mmoja tukaandika barua na kuambatanisha bei tulizonunulia. Hatukupata yote tuliyoomba, lakini bei ya kukadiria ilishuka, na hakuna mbunge aliyehusika. Nakala ya sheria ndogo wanayo afisa sheria na mweka hazina. Iombe kwa barua, maana ukiomba kwa mdomo utaambiwa njoo kesho mpaka msimu uishe.

Na risiti ya POS ipige picha palepale. Ile karatasi ukiiweka kwenye dashibodi, jua la Mikumi linaifuta maandishi yote. Ukifika geti la wilaya ya mbele umeshika kipande cheupe, na unalipa mara ya pili kwa mzigo uleule. Ilishanitokea.

Tuje kwenye duka. Kuuza kwa halmashauri kunaonekana kama mkate uliopakwa siagi, nami nilidhani hivyo. Novemba 2021 zilipokuja zile fedha za UVIKO-19, mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3, nchi nzima ilikuwa inajenga madarasa 15,000 kwa mpigo, kila darasa milioni 20, na yote yalitakiwa yawe tayari wanafunzi wakifungua shule Januari. Fikiria kila halmashauri inatafuta saruji, nondo na mabati wiki moja. Hata mimi muuzaji nilikuwa sipati mzigo. Saruji ilipanda kati ya asubuhi na jioni.

Ujenzi ulifanyika kwa utaratibu wa force account. Hakuna mkandarasi, shule inaunda kamati zake, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, wananunua vifaa wenyewe na kumlipa fundi. Utaratibu mzuri, na darasa linakuwa rahisi. Lakini kamati ni mwalimu wa Kiswahili, mama wa kikundi cha kikoba na mzee wa kitongoji, na sheria inawataka walete nukuu tatu za bei kabla ya kununua. Shule moja, siitaji, mwalimu alikuja dukani jioni, amechoka, akaniambia, "Kaka, naomba nukuu tatu." Tatu zote kutoka kwangu. Yaani nikatafute mihuri ya wenzangu wawili. Nikafanya, mkaguzi akija nitamwambia nilikuwa mjinga. Mwalimu hakuwa mwizi. Alikuwa na madarasa mawili ya kumaliza, vipindi thelathini kwa wiki, na mjini kwa wauzaji wengine ni nauli ambayo haipo kwenye bajeti.

Nukuu yangu: mifuko 200 ya saruji kwa 17,000, jumla 3,400,000. Faida yangu ilikuwa 500 kwa mfuko, yaani 100,000. Sasa tazama inavyoliwa. Ukiuzia serikali bidhaa unakatwa kodi ya zuio asilimia 2 ya malipo yote: 68,000. Utakuja kuirudisha kwenye hesabu zako za TRA kama ukipewa cheti cha zuio, ila leo haipo mkononi. Kulikuwa na ushuru wa huduma wa halmashauri, wakati huo asilimia 0.3 ya mauzo: 10,200. Zimebaki 21,800, na hapo sijamlipa mwenye gari wala wapakiaji.

Huo ushuru wa huduma ndio ningewaomba wabunge waushike, kuliko asilimia za mahindi. Tatu ya kila elfu, kiwango cha wakati huo, unaisikia ni chembe. Lakini inakatwa kwenye mauzo, haijali ulipata faida au ulikula hasara. Mwenye saluni anabakiza nusu ya anachopokea. Muuza saruji anabakiza 500 kwa 17,000. Wote mlikuwa mnalipa 0.3.

Na malipo? Mzigo niliupeleka Novemba, hela ikaingia Februari. Miezi mitatu ya danadana: leo anayesaini hayupo, kesho mfumo uko chini, keshokutwa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, imeandikwa jina la shule bila jina la halmashauri. Wakati huo msambazaji wangu anataka chake taslimu. Nilikopa kulipia saruji iliyokwisha kuwa ukuta.

Kisha ukaja NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali, 2023, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024. Sasa kila kitu kinapita mtandaoni, hata shule ya kijijini. Wengi hapa jukwaani wanaulaani. Mimi nauona una mema yake: ule ujanja wa mihuri mitatu umekuwa mgumu, na zabuni naiona nikiwa dukani bila kumjua mtu. Kijana wa stationery ndiye aliyenisajili, siku mbili, kwa kuwa jina langu kwenye TIN, namba ya mlipakodi, lilitofautiana herufi moja na la kwenye leseni. Kumbuka pia asilimia 30 ya manunuzi imetengwa kwa vikundi maalum, vya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Kama mkeo au mdogo wako yuko kwenye kikundi kilichosajiliwa, anzeni na mlango huo.

Lakini sikia hili. Mwaka jana zahanati iliyo mita mia nne kutoka dukani kwangu ilitangaza saruji na mabati. Niliomba, nikashindwa kwa tofauti ya shilingi 300 kwa mfuko. Aliyeshinda ni kampuni ya mkoa mwingine ambayo haina hata stoo hapa. Siku tatu baadaye kijana wao akaja na Fuso tupu, akaulizia saruji. Akanunua mifuko yote kwangu, taslimu, bila zuio na bila kusubiri Februari. Tangu siku hiyo sijajaza zabuni nyingine. Nahakikisha tu stoo imejaa zinapotangazwa.

Kwa hiyo kama mtaji wako ni chini ya milioni 10, anza na mazao, ujue jedwali la geti lako kabla hujanunua gunia la kwanza. Duka lifungue ukiwa na hela ya kukaa miezi mitatu bila kulipwa. Jedwali letu la sasa ninalo kwenye simu. Anayelitaka anitafute PM, kwa ujumbe wa faragha, ila picha imepigwa kwenye ubao wa kata na kona moja imefunikwa na tangazo la chanjo.