Mwekezaji anakitaka kiwanja chetu cha Kariakoo

SWALI: Tumezaliwa wanne. Marehemu baba alituachia nyumba ya Kiswahili Kariakoo, vyumba sita na uani, na mama bado anaishi humo. Amekuja mwekezaji anataka ubia: avunje, ajenge ghorofa nane, chini fremu za maduka, juu makazi. Sisi tupewe ghorofa mbili za juu kabisa, zinazobaki zake. Kaka zangu wameshakubali, mimi nasita. Mnanishauri nini?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Dada yangu, endelea kusita. Ghorofa lenyewe silipingi. Mgawo ndio unaoniuma. Kariakoo pesa iko chini. Fremu inayotazama barabara hugombewa, kodi hulipwa kwa mkupuo, na mara nyingi kuna kilemba juu yake, yaani pesa ya ziada ya kuipata hiyo fremu. Fleti ya ghorofa ya nane inamsubiri mpangaji atakayekubali kupanda ngazi siku lifti ikigoma. Nimefanya uthamini wa majengo miaka mingi, na nimeziona familia zikihesabu ghorofa huku mwekezaji akihesabu fremu. Rudini mezani mkadai fremu, hata kama huko juu mtapata ghorofa moja tu.

Je, mirathi mmefungua? Kama mahakama haijamthibitisha msimamizi wa mirathi, kaka zako hawana mamlaka ya kusaini chochote, na mama naye ana haki yake kama mjane. Tangu 2008 tuna sheria inayoruhusu kila fleti na kila fremu kuwa na hati yake, kwa hiyo mkataba utaje sehemu zenu kwa namba, na mchoro uambatanishwe. Akiomba hati ya kiwanja akaiweke rehani benki, kataeni katakata. Mkopo ukimshinda, kitakachopigwa mnada ni kiwanja cha baba yenu.

Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapo hapo Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafa. Basi mwambieni awaonyeshe kibali cha ujenzi, vipimo vya udongo, na majina ya mhandisi, mbunifu na mkandarasi, kisha nendeni wenyewe kwenye bodi zao mkahakikishe wamesajiliwa. Akisema atachimba maduka chini ya ardhi, muulize mhandisi atazishikiliaje nyumba za majirani wakati wa kuchimba.

Halafu muangalie huo mchoro. Vioo vitupu upande wa magharibi, kwa jua la Dar es Salaam, ni bili ya umeme kila mwezi. Soko la Kariakoo alilolibuni Beda Amuli miaka ya 1970 lina mapaa ya zege kama miavuli: yanatoa kivuli na yanakinga maji ya mvua. Usasa wa namna hiyo ndio naupenda, na mna haki ya kuudai.

Kuhusu mama: mkataba uandike nani atamlipia kodi atakakohamia mpaka ujenzi uishe, na ukichelewa itakuwaje. Fleti yake iwe ghorofa ya kwanza.