Ikisiri yangu ya kongamano imekubaliwa, sasa naogopa kuwasilisha

Hongera, mdogo wangu. Kusimama na toni za Kihaya, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kwenye maneno, mbele ya maprofesa kunatisha, naelewa, ila dakika 15 hazibebi tasnifu nzima. Chukua hoja moja. Mifano 4 au 5 inatosha, kila mmoja kwa mistari mitatu: sentensi yenyewe, uchanganuzi wa mofimu (vipande vidogo vya neno vyenye maana), tafsiri. Weka alama za toni, maana bila hizo huna data. Taja msimbo wa Guthrie, ule wa kuainisha lugha za Kibantu; wa Kihaya ni JE22. Kuna atakayeuliza tu. Slaidi zihifadhi kwa PDF, kompyuta za ukumbini hupoteza alama.

Rekodi ya sauti ya bibi yako usiichezeshe kabla hajaridhia, na suala la kibali cha utafiti mwone msimamizi wako mapema. Swali likikushinda, sema utalifuatilia. Wengine huuliza ili wasikike wao.