Ukinunua sheka ya kokteli ya zamani, ifungue kwanza

Sheka, lile kopo la kutikisia vinywaji vya kuchanganya, ya kwanza niliinunua kwa macho tu. Jumapili asubuhi hapa Chicago, gulio la vitu vya mtumba, mzee kaiweka mezani inang'aa mpaka najiona sura, dola 40, nikatoa hata bei sikupunguziwa. Nafika nyumbani nafungua kifuniko, weee, ndani njano tupu na mabaka, kromu imeshalika yote shaba iko wazi, na humo ndo unataka ukamulie ndimu! Ndimu inaila shaba, kinywaji kinakuwa kama umelamba sarafu na afya yenyewe unaiweka rehani. Sasa hivi iko juu ya kabati, pambo.

Kwahiyo kama na wewe umeanza huu ugonjwa wa kukusanya sheka za zamani, nje usipaangalie sana, nje wanapiga polishi. Washa tochi ya simu umulike ndani mpaka chini kabisa, na pale shingoni. Nyingi za miaka ya 1930 ni shaba ya kuchovya kromu au fedha, ukiona wekundu au unjano unachungulia ujue mchovyo umeisha. Na ukikuta herufi EPNS chini yake usilipe bei ya fedha, hiyo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliochovywa fedha juu tu.

Halafu omba maji, funga, tikisa hapohapo, ikivuja achana nayo. Zile za vipande vitatu, kopo, kichujio na kikofia, zina kasheshe moja, chuma kikipoa kinajikaza kifuniko kinagoma. Usigonge. Zungushia kitambaa cha maji ya uvuguvugu, itaachia yenyewe.

Kwa anayeanza mi nasema tafuta Gaiety ya kampuni ya Chase, bomba la kromu lenye pete nyeusi, zipo nyingi. Pombe iliruhusiwa tena Marekani mwaka 1933 na wabunifu wakafunguka kwelikweli, Norman Bel Geddes akaitengenezea kampuni ya Revere ile sheka ya Manhattan, imesimama wima kama ghorofa la New York, mistari kutoka juu hadi chini, haina hata kiuno, kwangu mimi hakuna iliyoizidi kwa sura. Ila roho yangu iko kwa sheka ya pengwini ya kampuni ya Napier ya mwaka 1936, yaani unamimina mdomoni mwa ndege bana! Bado naitafuta, kila nikiiona mtandaoni nacheki bei nafunga simu.