Kabla ya Kuomba Udaktari, Nenda Ukakunje Vitambaa vya Vidonda

Kila mitihani ya KCSE, ile ya kumaliza kidato cha nne hapa Kenya, inapoisha, simu yangu hujaa ujumbe kutoka kwa watoto wa majirani na wa marafiki wa mamangu. Wote huuliza jambo moja: "Dada, nataka kusomea udaktari. Naweza kupata wapi hospitali nikae kidogo nione kazi ilivyo?" Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja. Leo nimeamua kukaa chini niandike yote mahali pamoja, maana majibu wanayopewa mitaani mara nyingi huwapeleka kubaya, kama yalivyonipeleka mimi.

Nilimaliza kidato cha nne Novemba 2016. Tarehe 5 Desemba madaktari wa hospitali za umma wakagoma nchi nzima, na mgomo ule ukadumu siku 100. Kwa hivyo Januari nilipokuwa nazunguka Mombasa na bahasha yangu ya kaki, wodi nyingi za serikali zilikuwa zimebaki vitanda. Getini pa mojawapo askari alinitazama kwa huruma, akanirudishia barua bila kuifungua. "Mwanangu, hata wagonjwa wanarudi makwao. Wewe utamfuata nani?"

Nikageukia za kibinafsi. Moja, ambayo sitaitaja, ilinipokea vizuri kupita kiasi. Siku ya kwanza tu nilipewa koti jeupe, nikaambiwa nimfuate daktari kila aendako. Nilijiona nimefika. Siku ya tatu mama mmoja aliyelaziwa mtoto alinishika mkono pale ukumbini, akaniuliza, "Daktari, niambie kweli, mwanangu atapona?" Nilikuwa na miaka kumi na minane. Sikujua mtoto anaugua nini. Nikamjibu, "Atapona mama, inshallah," kisha nikaenda zangu chooni nikalia. Usiku ule mtoto alihamishiwa hospitali nyingine, na mpaka leo sijui aliishia vipi. Yule mama aliondoka na ahadi yangu, nami sikuwa na haki ya kumpa.

Ndiyo maana nakusihi: ukipewa koti jeupe, lirudishe kwa adabu. Vaa nguo safi za kawaida, viatu vya kufunika vidole, na kitambulisho kinachosema wazi kwamba wewe ni mwanafunzi wa kujitolea. Mgonjwa akikuita daktari, mrekebishe papo hapo: "Mimi si daktari mama, nimekuja kujifunza. Ngoja nikuitie sista." Maneno hayo yazoee mpaka yawe yanatoka yenyewe.

Nafasi iliyonifaa niliipata kwa halati yangu, aliyekuwa akienda kliniki ya presha kwenye zahanati ndogo ya hisani ng'ambo ya Likoni. Nilikuwa navuka na feri saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa katikati ya wafanyakazi, wanafunzi na akina mama wenye ndoo za mahamri. Nilikuwa bado nina ndoto za vipimo na upasuaji. Sista mkuu wa pale aliisoma barua yangu yote, akaikunja, akaniuliza, "Unajua kukunja kitambaa?"

Nikadhani ananifanyia mzaha. Akanipeleka chumba cha nyuma. Mezani palikuwa na robota la kile kitambaa cheupe chepesi cha kufungia vidonda, mkasi, na mapipa madogo ya chuma yenye matundu ubavuni. Alikata kipande, akakikunja mara moja, mara mbili, kila ukingo uliokatwa ukiingia ndani. Alipomaliza hapakuonekana hata uzi mmoja nje. "Uzi ukibaki nje," akasema, "utabaki kwenye kidonda cha mtu." Nikajaribu. Cha kwanza alikikunjua. Cha pili pia. Cha tano akakitia ndani ya pipa bila neno. Pipa likijaa linaingia kwenye mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu, nyuzi joto 121, na yale matundu ndiyo yanayopitisha mvuke hadi kitambaa cha katikati kabisa. Mambo hayo sikuyasoma popote. Niliyajua kwa kuwa vidole vyangu vilikunja mamia ya vitambaa.

Mlango wa chumba kile ulitazamana na chumba cha kuosha vidonda. Hapo ndipo nilipomwona mzee mmoja mvuvi mwenye sukari. Alikuwa amekanyaga gamba la kome asijue, kwa sababu sukari ilikuwa imekwisha kuua hisia za nyayo zake. Alitembea na jeraha siku kadhaa, mpaka mkewe alipoona damu kwenye mkeka. Alipoanza kuja, kidonda kilikuwa na upana wa sentimita sita, na harufu ilimtangulia mlangoni. Alikuwa akiinamisha kichwa kila alipoingia. Maumivu hakuwa nayo. Kilichomuumiza ni ile harufu. Wiki nzima niliangalia uso wa sista wakati akifungua bandeji. Hakuwahi kukunja pua. Alikuwa anamuuliza habari za kusi, kama imeanza, kama ngalawa zinatoka, huku mikono yake ikiosha kwa maji ya chumvi. Siku moja akaniita nishike taa. Nilishika, na kwa dakika ishirini nilipigana na tumbo langu. Sikutoka.

Sasa nasema jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Kumfuata daktari nyuma kunakufundisha namna daktari anavyotembea. Kama unataka kujua utaiweza kazi hii au hutaiweza, tafuta pahali utakapoachwa karibu na mgonjwa, kwenye kazi ndogo, kwa muda mrefu. Kusukuma kiti cha magurudumu. Kumlisha uji mtu asiyeweza kushika kijiko. Kumwelekeza bibi asiyejua kusoma mpaka dirisha la dawa, umsubiri, umrudishe. Kwenye kliniki ya watoto mimi nilikuwa naning'iniza vile visuruali vya kupimia uzito kwenye ndoano ya mizani, watoto wakinipigia mayowe usoni, na nilijifunza kuzungusha utepe wa kupimia utapiamlo mkononi mwa mtoto: kijani salama, manjano tahadhari, nyekundu chini ya sentimita 11.5. Mara ya kwanza utepe uliposimama kwenye nyekundu nilidhani nimekosea kupima. Nilipima mara tatu.

Basi uanzie wapi? Wengi hukimbilia Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi wetu bado twaiita Coast General, kwa kuwa ndiyo kubwa. Ni hospitali ya daraja la tano, na imejaa wanafunzi wa udaktari, wa uuguzi na wa utabibu ambao nafasi ile ni sehemu ya masomo yao. Wewe hujaanza chuo. Utakuwa wa mwisho kwenye foleni, na hivyo ni haki. Peleka barua, lakini usiitegemee hiyo peke yake. Shuka chini. Zahanati ni daraja la pili, kituo cha afya ni la tatu, na huko ndiko watu wanakosa mikono ya kuwasaidia. Shuka zaidi hadi daraja la kwanza, yaani mitaani kwenyewe: wahudumu wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba ya vifaa nchi nzima mwaka 2023. Muulize mzee wa nyumba kumi wa mtaa wenu nani anahudumia upande wenu, kisha umwombe yule mhudumu akuruhusu ufuatane naye nyumba kwa nyumba. Kule utaona kwa nini mtu hakunywa dawa zake. Msalaba Mwekundu nao hufundisha huduma ya kwanza na hupokea vijana wa kujitolea.

Barua iwe ukurasa mmoja. Taja wewe ni nani, umemaliza wapi, siku gani za wiki unaweza kuja, kwa miezi mingapi, na kwamba uko tayari kwa kazi yoyote. Ambatisha nakala ya kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, barua ya shule, na nambari ya mzazi. Kwa hospitali ya umma iandikie kwa mganga mkuu wa hospitali, na usishangae ukiambiwa upitie idara ya afya ya kaunti, maana tangu 2013 hospitali hizo ziko chini ya kaunti. Ipeleke kwa miguu yako. Usiende Jumatatu, wagonjwa wa wikendi nzima wako mlangoni. Na ukiruhusiwa, mtu wa kwanza wa kumsalimu vizuri na kumsikiliza ni sista mkuu wa wodi.

Kuna watu hujidai wanauza nafasi. Rafiki yangu alimtumia mmoja shilingi 5,000 kwa simu, na nambari ile haikupokelewa tena. Kama kuna ada, na baadhi ya hospitali hutoza, ilipwe ofisini kwa hospitali yenyewe, nawe upewe risiti.

Kabla hujaingia, kachanjwe homa ya ini aina ya B. Ni sindano tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya hiyo ya kwanza. Anza mapema. Usiguse sindano iliyotumika hata ukiombwa na mtu mwenye haraka. Ikitokea ukadungwa, osha kwa maji na sabuni na useme saa ile ile, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa ina thamani yake. Aibu isikucheleweshe.

Kosa langu kubwa kuliko lile la koti lilitokea nyumbani. Jioni moja, tukiwa tunakula, nilisimulia habari za binti mmoja aliyekuja zahanati. Jina sikulitaja. Nilitaja tu kwamba aliletwa na tuktuk ya kakake na kwamba alikuwa karibu kuolewa. Mombasa yetu ni ndogo. Dada mmoja wa ukoo aliyekuwa mezani alimjua papo hapo, na kabla ya wiki kuisha maneno yalikuwa yamefika kwa watu wa bwana harusi. Nilikwenda nikamweleza sista mwenyewe, nikitetemeka, nikiamini atanifukuza. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mikono waiosha vizuri. Ulimi je?" Alinirudisha chumba cha nyuma wiki mbili, nisimkaribie mgonjwa. Niliona ni haki. Tangu siku hiyo sisimulii mgonjwa nyumbani hata kwa mafumbo. Na simu yako, mdogo wangu, iache mfukoni. Usipige picha ya wodi, ya faili, wala yako mwenyewe na kitanda kikionekana nyuma.

Nataka pia niwe mkweli kuhusu faida. Ukiomba chuo cha umma hapa Kenya kupitia KUCCPS, ile taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, miezi yako ya kujitolea haitakuongezea hata alama moja. Wao hutazama matokeo ya KCSE. Kwa wanaoomba nje mambo hutofautiana. Uingereza, kwa mfano, maombi ya udaktari hufungwa tarehe 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia ule wa kuanza masomo, vyuo huwaita waombaji kwenye usaili, na huko hawataki kusikia umesimama nyuma ya madaktari wangapi. Wanauliza uliona nini na kilikufunza nini. Kwa ajili hiyo weka daftari. Kila jioni mistari mitatu, bila jina la mtu, mtaa wala tarehe ya kumtambulisha: nilichofanya, kilichonisumbua, nilichokosea. Langu ninalo hadi leo.

Na kuna faida nyingine ambayo wazazi hawapendi kuisikia. Msichana tuliyekuwa naye zahanati aligundua baada ya wiki tatu kwamba hapendi kabisa kukaa na mgonjwa, ila angeweza kushinda kutwa kwenye darubini ya maabara. Alibadilisha chaguo lake KUCCPS ilipofungua nafasi ya kurekebisha. Babake alinuna miezi. Leo yuko maabara na kazi yake anaipenda. Mzazi unayesoma hapa, tafadhali mwachie mtoto nafasi ya kurudi nyumbani na jibu la hapana.

Mimi nilibaki hadi Agosti. Juni wauguzi wa umma nao waligoma, na zahanati yetu ikafurika hadi uani. Kulikuwa na siku nilizokunja vitambaa kwa mkono mmoja na kubeba mtoto wa mtu kwa mwingine. Yule mzee hakukosa hata siku moja, mara tatu kwa wiki, na kufikia wakati huo alikuwa akiingia kichwa juu, akitoa salamu kwa foleni nzima. Siku yangu ya mwisho sista aliosha kidonda, akajisogeza kando, akanipa rula ya karatasi. "Pima wewe. Uandike kwenye faili, nami nitie sahihi."

Nilipima mara tatu. Nikaandika: sentimita moja na nusu.