Re: Majani ya mbaazi na sikoseli: mkuu, umeyeyushia maji gani?

Mkuu simama hapo hapo, usiandike hata mstari mmoja wa ripoti. Umesema unga wa majani ya mbaazi umeuyeyushia kwenye maji yaliyokenekwa (matupu, hayana chumvi), ukachanganya nusu kwa nusu na damu ya mgonjwa wa sikoseli, ukatia metabisulfaiti (kemikali inayoondoa oksijeni ili chembe za sikoseli zipinde), na kwenye hadubini chembe karibu zote zimebaki duara, kwa hiyo mbaazi ni dawa. Hongera, umegundua maji.

Nacheka nisije nikalia. Mimi nilikuwa na mlonge, na "ugunduzi" huo huo nilikaa nao miezi saba. Mama alishautangaza kanisani.

Chembe nyekundu imezoea chumvi ya asilimia 0.9. Ukiipa maji matupu nusu kwa nusu, chumvi inashuka hadi karibu 0.45. Maji yanaingia ndani, chembe inavimba, hemoglobini S iliyomo (ile yenye kasoro ya sikoseli) inazimuliwa. Ikishazimuliwa haijipangi nyuzi upesi, na bila nyuzi chembe haipindi kuwa mundu. Wala usingoje zipasuke ndipo ushtuke: chembe za sikoseli zinastahimili kuvimba kuliko zako wewe mzima. Si siri hii. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani walichapisha jaribio la kushusha chumvi kwenye damu ya wagonjwa kwa makusudi, ili chembe zivimbe. Mimi nililirudia bila kujua, nikalipa jina la mlonge.

Aliyenipoteza ni kaka mmoja wa maabara, koti jeupe, kalamu nne mfukoni. Nilimuuliza mara mbili. "Maji ni maji, dogo, piga kazi." Akiugua huyo atatundikiwa dripu yenye chumvi, hatatundikiwa maji ya betri, kwa hiyo angalau daktari wake anajua tofauti! Msimamizi naye alisaini daftari bila kulifungua. Siku ya kuwasilisha, mama mmoja mgeni akauliza swali moja: "Maji peke yake, bila mlonge, yalikupa nini?" Nikameza mate. Jioni ile nikajaribu. Maji peke yake: duara. Mlonge kwenye maji ya chumvi: zimepinda kama sijaweka kitu. Slaidi 212 zikaenda na maji, na pikipiki yangu ikaenda na ada ya mwaka wa ziada.

Kwa hiyo kila siku, damu ileile, muda uleule, weka slaidi ya kiyeyushi PEKE YAKE. Umetumia spiriti? Weka spiriti kiasi kilekile bila jani. Usiniambie "niliweka wiki iliyopita". Na metabisulfaiti itengenezwe asubuhi hiyo hiyo; ikikaa wazi inachoka, haiondoi oksijeni, na hapo hata chai ya rangi itaonekana dawa.

Aliyetaja Nicosan hapo juu, ile dawa ya mitishamba ya sikoseli ya Nigeria: ndiyo, ilizinduliwa 2006 na ndani ilikuwa na karafuu na mtama. Lakini ile ilijaribiwa kwa wagonjwa kabla ya kufika sokoni. Wewe una slaidi za wiki mbili.

Na yule jirani aliyeomba unga ampe mtoto, mwambie hakuna unga. Mtoto aendelee na dawa yake ya kliniki, haidroksiurea.

Uliuliza pia kibali cha maadili na, sijui, bei ya kitu gani. Nitarudi. Kwanza weka hapa picha ya slaidi ya maji matupu.