Maswali ya Wasomaji: Mbona Sicheki?

SWALI: Nimetazama filamu ya vichekesho ya Uingereza, Monty Python and the Holy Grail ya mwaka 1975. Wenzangu wanavunjika mbavu, mimi kimya. Nakosea wapi?

JIBU: Huenda unafuatilia kisa, na kisa chenyewe ni kisingizio tu. Usiruke orodha ya majina ya watengenezaji mwanzoni mwa filamu: maandishi ya Kiswidi cha bandia yanageuka tangazo la utalii wa Uswidi. Kisha mtazame Mfalme Arthur "akipanda farasi" kwa miguu yake, mtumishi nyuma akigonganisha vifuu viwili vya nazi. Fedha za farasi hazikutosha. Mlinzi anahoji nazi imefikaje Uingereza, na wanabishana kwa dhati kabisa. Utamu uko hapo, kwenye nyuso zisizocheka. Epuka sauti zilizotafsiriwa, zinaua lafudhi. Polisi wakiingia na filamu kukatika ghafla, ndivyo inavyoisha; nakala yako ni nzima.